Madarasa Yaliyopelekwa Vitani: Rekodi za Kruza za Mafunzo za Japani

Anayetafuta rekodi katika jeshi la majini la Japani la wakati wa Vita Kuu ya Pili huanzia kwa Yamato, na hana kosa. Yamato na nduguye Musashi ndizo manowari za mizinga nzito kuliko zote zilizopata kuelea, na mizinga yao ya milimita 460 ilitisha kwa kutajwa tu. Lakini rekodi zinazonivuta mimi zaidi ziko kwa meli tatu ambazo hazikuundwa zipigane na mtu: Katori, Kashima na Kashii. Hizi zilikuwa kruza za mafunzo, zilizoundwa na kampuni ya Mitsubishi katika kiwanda chake cha Yokohama ili ziwe madarasa ya baharini kwa vijana waliomaliza vyuo vya jeshi hilo. Kabla yake Japani haikuwahi kuunda kruza mahsusi kwa ajili ya mwanafunzi. Vita vikazikuta zingali mpya, vikazichukua zote tatu. Rekodi zake nyingi zinatia uchungu, na kwa maoni yangu ndizo zinazoeleza vizuri zaidi jinsi taifa lile lilivyopigana vita kwa kutumia kila kilichokuwa karibu na mkono.

Kruza ya mwendo wa pole kuliko zote

Tuanze na mwendo, maana ndio uliokuja kuziponza. Kruza za Japani za miaka ya 1920 na 1930 zilisifika duniani kwa kasi. Nyingi zilikimbia noti 35, yaani kama kilomita 65 kwa saa. Katori na nduguze walikwenda noti 18, kilomita 33 kwa saa. Hata meli za mafunzo za mataifa mengine ziliwapita: Jeanne d'Arc ya Ufaransa na Emden ya Ujerumani zilifika noti 25 na kuendelea.

Hazikuwa meli mbovu. Mwendo ule ulichaguliwa makusudi. Meli yenye uzito wa tani 5,890 na urefu wa karibu mita 130 ilitakiwa ivuke bahari kubwa kwa mafuta machache, ikiwa imebeba mabaharia wake 315 pamoja na wanafunzi wapatao 275. Ukiitazama picha ya Katori unaona mwili mpana, bomba moja la moshi, na jengo la sitahani lililoinuka sana kuliko la kruza za kawaida. Kule juu ndiko nafasi ilikopatikana: ya kuwapanga vijana wengi kwa wakati mmoja wapime jua na nyota na kuchora ramani za safari, na pia ya kuwakaribisha wageni wa heshima meli inapotia nanga ugenini, kwa sababu meli ya mafunzo ilikuwa vilevile balozi wa nchi yake.

Silaha zake zilikuwa kidogo kidogo cha kila kitu. Palikuwa na mizinga minne ya milimita 140, mingine miwili ya milimita 127 ya kutungulia ndege, bunduki za rasharasha, mirija minne ya kufyatulia topido, na ndege moja ya kutua majini. Kwa vita, mkusanyiko huo haufai kitu. Kwa darasa, ni mpango mzuri sana, kwa kuwa kijana hakuondoka bila kugusa kila aina ya silaha atakayoikuta kazini. Chini katika chumba cha mitambo mlikuwa na injini za mvuke na za dizeli pamoja, ili wanafunzi wa uhandisi wajifunze zote mbili katika safari moja. Wanafunzi wenyewe walitoka vyuo vitatu: maofisa wa sitahani kutoka Etajima karibu na Hiroshima, wahandisi kutoka Maizuru, na wahasibu na maofisa wa ugavi kutoka Tokyo.

Majina yake yalitoka kwenye mahekalu mashuhuri ya Kishinto. Mahekalu ya Katori na Kashima, yaliyoko mashariki mwa nchi, huheshimu miungu ya vita, na tangu zamani mafundi wa upanga walikwenda huko kuomba. Mwaka 1921 manowari mbili za awali zenye majina hayo hayo zilimpeleka Ulaya mwana wa mfalme Hirohito, miaka mitano kabla hajawa mfalme.

Zilizofundisha muda mrefu kuliko zote

Kabla ya 1940 kazi hii ilifanywa na wazee, na wazee hao wanastahili nafasi yao katika orodha yoyote ya rekodi. Asama, Izumo na Iwate ziliundwa Uingereza; Yakumo iliundwa Ujerumani; Azuma ikaundwa Ufaransa. Zote zilipigana vita vya 1904 na 1905 dhidi ya Urusi, zikawamo katika pambano la Tsushima. Zilipozeeka hazikutupwa. Kwa zaidi ya miaka 20 zilibadilishana kuwapeleka vijana wa Etajima Amerika, Australia, bahari ya Mediterania na kwingineko, na Iwate peke yake ilikwenda safari zaidi ya 10.

Asama ndiyo iliyokuwa na bahati mbaya kuliko zote. Tarehe 31 Januari 1915 ilipanda mwamba katika pwani ya Baja California, Mexico, ikanaswa hapo kwa miezi hadi ilipovutwa. Mwaka 1935 ikapanda mwamba tena, safari hii katika maji ya kwao wenyewe, na mwili wake ukaharibika kiasi kwamba haikutoka tena kwenda ng'ambo.

Izumo inashika rekodi ya maisha marefu yenye mambo. Ilishushwa majini 1899. Mwaka 1917 ilikuwa Malta, ikiongoza kikosi cha Kijapani kilichokuja kusaidia Uingereza kulinda misafara dhidi ya nyambizi za Ujerumani. Mwaka 1937 ilikuwa imetia nanga Shanghai kama meli ya kamanda wa Japani, na Wachina wakajaribu kuilipua kwa boti na kwa ndege bila kufaulu. Alfajiri ya tarehe 8 Desemba 1941, saa chache baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, ilikuwa ingali Shanghai, na mizinga yake ilikuwa miongoni mwa ile iliyoizamisha Peterel, boti ndogo ya Waingereza ambayo nahodha wake alikataa kujisalimisha. Rafiki wa 1917 alikuwa adui wa 1941, na meli ni ile ile. Kisha ikarudishwa Japani ikafanywa tena meli ya mafunzo, hadi ndege za Marekani zilipoizamisha karibu na Kure mwezi Julai 1945. Toka kushushwa majini hadi kuzama ni karibu miaka 46.

Safari chache kuliko zote

Katori ilikamilika tarehe 20 Aprili 1940, na Kashima tarehe 31 Mei mwaka huo huo. Majira hayo ya kiangazi zikapakia wahitimu wapya zikang'oa nanga. Safari za namna hii zilizoea kwenda mbali, lakini dunia ilikuwa imekwisha kufungwa: Ufaransa ilikuwa imeanguka mwezi Juni, Ulaya ilikuwa inaungua, na uhusiano wa Japani na Marekani ulikuwa unazidi kuharibika. Meli zikaishia Ominato, Dairen, Port Arthur na Shanghai, karibu na nyumbani, katika bandari ambazo nyingi zilikuwa mikononi mwa Japani yenyewe. Hiyo ndiyo ikawa safari ya kwanza ya ng'ambo ya meli hizo, na ndiyo ya mwisho. Kashii, iliyokamilika tarehe 15 Julai 1941, haikubahatika hata moja.

Hapa ndipo penye neno langu. Jeshi lililojiandaa kwa vita virefu lingezilinda meli hizi kuliko manowari zake, kwa sababu maofisa wanaokufa ni lazima warithiwe na wengine waliofunzwa vizuri. Badala yake madarasa yalikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuchukuliwa. Ni mkulima aliyekula mbegu kabla ya mvua. Mwaka 1944 upungufu ulionekana wazi, hasa kwa marubani: ndege zilikuwapo, watu waliofunzwa vya kutosha hawakuwapo.

Miongoni mwa waliohitimu Etajima mwaka ule wa 1940 alikuwamo Kazuo Sakamaki. Tarehe 7 Desemba 1941 kwa saa za Hawaii alikuwa ndani ya nyambizi ndogo ya watu wawili mbele ya Pearl Harbor. Dira yake ya umeme ilikuwa mbovu, chombo kikapanda miamba, mwenzake akafa maji, na yeye akaokotwa ufukweni amezirai. Akawa mfungwa wa kwanza wa Kijapani kukamatwa na Marekani katika vita hivyo. Nyambizi ndogo zilikuwa tano na watu wao kumi. Tisa waliokufa walitangazwa Japani kuwa miungu ya vita, na wa kumi hakutajwa. Nyambizi mama tano zilizowabeba zilikuwa za Kikosi cha Sita, kikosi cha nyambizi, na meli ya kamanda wa Kikosi cha Sita ilikuwa Katori.

Mkuku uliodumu chini ya wiki 11

Ilikuwapo na ya nne, Kashihara. Mkuku wake uliwekwa tarehe 23 Agosti 1941. Tarehe 6 Novemba mwaka huo amri ikatoka kazi isimame, na vyuma vilivyokwisha kuungwa vikabomolewa ili nafasi kiwandani itumike kwa mambo mengine. Mwezi mmoja baadaye ikaja Pearl Harbor.

Darasa lililotoa amri nzito kuliko yote

Kwa nini meli za mwendo wa pole ziliwekwa chini ya makamanda wakubwa? Sababu ni ile nafasi. Kamanda wa kikosi ana wasaidizi wengi, makarani, wataalamu wa mawasiliano, ramani na mikutano. Vyumba vilivyokusudiwa wanafunzi viliwatosha hao bila shida, na kwa kuwa kamanda wa aina hiyo hukaa bandarini akiongoza kwa redio, kasi haikuhesabiwa. Basi Katori ikaenda Kwajalein kuwa makao makuu ya nyambizi chini ya Makamu wa Admirali Mitsumi Shimizu, Kashima ikaenda Truk kuwa makao ya Kikosi cha Nne cha Makamu wa Admirali Shigeyoshi Inoue, na Kashii ikapelekwa Saigon kwenye kikosi cha kusini.

Katori ilijeruhiwa mapema. Tarehe 1 Februari 1942 ndege za Marekani kutoka meli ya kubebea ndege Enterprise zilishambulia Kwajalein, na Shimizu mwenyewe akaumia, akalazimika kumwachia mwingine amri.

Kashima ndiyo iliyoongoza pambano kubwa zaidi. Mwanzoni mwa Mei 1942 Inoue aliisogeza kutoka Truk hadi Rabaul ili awe karibu na mpango wa kuiteka Port Moresby, kusini mwa Papua. Kilichofuata ni vita vya Bahari ya Matumbawe, pambano la kwanza katika historia ambamo meli za pande mbili hazikuonana hata kidogo. Ndege ndizo zilizofanya kazi yote. Wajapani walipoteza Shoho, meli ndogo ya kubebea ndege, na Shokaku ikaharibiwa. Wamarekani walipoteza Lexington, na Yorktown ikaumizwa. Ndani ya Kashima, mamia ya kilomita kutoka pale, Inoue alipima alichobakiwa nacho akaamua kuuahirisha msafara wa uvamizi. Port Moresby haikuvamiwa kutoka baharini tena. Wakubwa wake walimlaumu kwamba alikosa ujasiri. Mimi naona alihesabu vizuri: msafara wa meli za askari usio na ndege za kuulinda ungechinjwa.

Kisa cha Inoue hakiishii hapo, na ndicho kisa nikipendacho kuliko vyote katika historia ya meli hizi. Oktoba 1942 aliondolewa vitani akafanywa mkuu wa chuo cha Etajima. Yaani kamanda aliyekuwa ameikalia meli ya wanafunzi sasa akapewa wanafunzi wasio na meli. Wakati huo shule nyingi nchini zilikuwa zinaifuta lugha ya Kiingereza kwa kuwa ni ya adui, na chuoni wapo waliotaka vivyo hivyo. Inoue akakataa. Alishikilia kwamba ofisa wa majini asiyejua Kiingereza hafai, na somo likaendelea. Alikuwa mmoja wa wachache waliopinga tangu awali mkataba na Ujerumani na Italia, na aliiona mapema hatari ya kupigana na Marekani. Vita vilipokwisha hakutafuta cheo wala sifa. Alijitenga katika nyumba yake Yokosuka akawafundisha watoto wa jirani Kiingereza, naye akafariki 1975.

Amri iliyofika pwani yetu

Rekodi ya umbali ni ya Katori, ingawa yenyewe haikuja huku. Nyambizi za Kikosi cha Sita zilipewa bahari mbili, na mwezi Aprili 1942 baadhi yake zikaondoka Penang, Malaya, kuelekea magharibi. Wakati huo kikosi cha Waingereza cha Bahari ya Hindi kilikuwa kimehamia Kilindini, Mombasa, kikikimbia meli za kubebea ndege za Japani zilizokuwa zimeipiga Colombo. Wajapani walitaka kujua kimejificha wapi.

Nyambizi I-30 ndiyo iliyotangulia kupeleleza. Ilibeba ndege ndogo iliyokunjwa mabawa, ikahifadhiwa kwenye kibanda cha chuma sitahani. Tarehe 7 Mei ndege hiyo iliruka juu ya Aden, kesho yake Djibouti. Tarehe 19 Mei ilipita juu ya Unguja na Dar es Salaam. Mombasa ilichunguzwa kwa darubini ya nyambizi kutoka majini. Hebu fikiria wavuvi wa Unguja waliokuwa baharini siku ile: juu yao ilipita ndege ya Kijapani, na yamkini hakuna aliyejua ilikotoka.

Windo lilikutwa kwingine. Usiku wa tarehe 30 Mei nyambizi ndogo, za aina ile ile ya Sakamaki, zilitolewa mbele ya Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, bandari ambayo Waingereza walikuwa wameiteka kutoka kwa Wafaransa wa Vichy mwezi ule ule. Manowari Ramillies iliharibiwa vibaya na meli ya mafuta British Loyalty ikazama. Baada ya hapo nyambizi kubwa ziliingia mlango wa bahari wa Msumbiji, na katika miezi ya Juni na Julai zikazamisha meli za mizigo zaidi ya 20. I-30 yenyewe iliizunguka Rasi ya Tumaini Jema ikafika Ufaransa mwezi Agosti, nyambizi ya kwanza ya Japani kufanya hivyo katika vita hivyo.

Bahari ya Hindi haikupata salama kwa muda mrefu. Februari 1944 meli ya abiria Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi I-27 iliyotokea Penang iliipiga topido mbili. Ilizama kwa muda wa chini ya dakika tatu. Waliokufa ni 1,297, na kwa meli za upande wa Washirika ni mojawapo ya hasara kubwa kuliko zote za vita vile. Askari hao wa mizinga wanakumbukwa katika makaburi ya vita ya Nairobi. Msomaji mwenye babu aliyekwenda "Bama" asirudi, na familia isijue aliishia wapi, atafanya vyema kuanzia hapo.

Maana wengi waliofika walikwenda Burma kweli. Kashii ilikuwa imesindikiza misafara ya askari wa Japani kwenda Rangoon mwaka 1942. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, iliteremka bonde la Kabaw katikati ya masika na malaria ikipigana na jeshi lile lile la Japani.

Adui mkubwa kuliko wote kwa meli ndogo kuliko zote

Siku tano baada ya Khedive Ismail, zamu ilikuwa ya Katori. Ilikuwa Truk, ngome kuu ya Japani katika Pasifiki ya kati, imekwisha kupewa kazi nyingine na inajiandaa kurudi nyumbani. Alfajiri ya tarehe 17 Februari 1944 iliondoka na meli Akagi Maru iliyojaa watu wanaohamishwa, distroya mbili, Maikaze na Nowaki, na boti ya kutegua mabomu ya baharini. Mara ndege za meli za Marekani zikalifunika anga la Truk.

Akagi Maru ilizamishwa na ndege. Katori ilipigwa topido na mabomu, ikashika moto, ikapunguza mwendo wake ambao tangu hapo ulikuwa mdogo. Ndege zingeimaliza. Lakini Admirali Raymond Spruance, kamanda wa kikosi kizima, alikuwa amekuja mwenyewe ndani ya New Jersey akiizunguka Truk ili yeyote anayetoroka asipite. Alikuwa na manowari mbili mpya kuliko zote Marekani, New Jersey na Iowa, kruza mbili nzito, Minneapolis na New Orleans, pamoja na distroya nne.

Pima tofauti. Mzinga wa Iowa ni milimita 406, na risasi yake moja ya mlipuko ina uzito wa kilo 862. Risasi ya mzinga wa Katori ina kilo 38. Iowa ina kasi ya noti 33. Katori, hata ingekuwa nzima, ina 18. Sina habari ya meli nyingine ya mafunzo iliyowahi kuwekwa mbele ya silaha za ukubwa huo, wala sioni kama palikuwa na haja. Mabomu machache yangetosha.

Na bado Katori ilipigana. Ikiwa inawaka, ilifyatua topido ambazo Iowa ilizikwepa, na mizinga yake ikaendelea kujibu hadi maji yalipoifikia. Dakika kumi na kitu baada ya Iowa kuanza kuilenga, ililala upande wa kushoto ikazama kwa tezi. Wamarekani waliona watu wengi majini. Hakuna aliyeokolewa. Maikaze nayo ikazamishwa na watu wake wote.

Nowaki peke yake ilitoroka, na kukimbia kwake kuliacha rekodi nyingine. New Jersey na Iowa ziliifyatulia kutoka umbali wa takribani kilomita 32, na risasi zikaanguka pande zake zote mbili bila kuigusa. Kurusha na kuzingira shabaha kwa umbali huo ni miongoni mwa mambo ya mbali kabisa yaliyopata kufanywa na mizinga ya manowari. Nowaki haikuishi sana. Ilizamishwa Oktoba mwaka ule ule.

Kumi na tisa

Kufikia 1944 nyambizi za Marekani zilikuwa zinazimaliza meli za mafuta za Japani, na kruza mbili zilizobaki zikageuzwa walinzi wa misafara. Kashii ilivuliwa mirija ya topido ikaongezewa mizinga ya kutungulia ndege, rada na vifaa vya kusikilizia nyambizi. Vyumba vya nyuma vilifanywa ghala la mabomu ya kulipulia nyambizi, kuta zake zikaimarishwa kwa zege. Kwa kazi hii mwendo wa pole haukuwa aibu, kwa kuwa meli za mafuta zenyewe zilikwenda pole. Naiona kuwa ndiyo kazi ya vita iliyozifaa meli hizi kuliko zote, na ilikuja imechelewa mno.

Tarehe 12 Januari 1945 Kashii iliongoza msafara wa HI-86, meli kumi za mafuta na mizigo zilizotoka Singapore, karibu na Qui Nhon katika pwani ya Vietnam. Kikosi cha Admirali Halsey wa Marekani kilikuwa kimeingia Bahari ya China Kusini, na ndege zake zikaufikia msafara. Topido iliipiga Kashii ubavuni kulia. Kisha mabomu mawili yakaangukia nyuma, yakalifikia lile ghala. Ipo picha iliyopigwa na rubani wa Kimarekani: tezi imekwisha kuzama katika moshi na povu, na omo imeinuka. Katika watu zaidi ya 600 waliokuwamo, walionusurika ni 19. Meli zote kumi za msafara ziliangamia.

Iliyobaki

Kashima pekee ndiyo iliyovivuka vita, na pekee iliyorudi darasani. Mwanzoni mwa 1944 ilikaa Kure na kuwapokea wanafunzi wa Etajima kwa mazoezi katika bahari ya ndani, ingawa hapakuwa tena na safari ya ng'ambo. Katikati ya mwaka ikaitwa kupeleka askari Okinawa na Taiwan, kisha nayo ikafanywa mlinzi wa misafara. Japani iliposalimu amri ilikuwa inaelea.

Basi ikavuliwa silaha ikapewa kazi ambayo, ukiniuliza mimi, ni bora kuliko zote ilizofanya. Mamilioni ya Wajapani walikuwa wamekwama nje: New Guinea, visiwa vya Pasifiki, Asia ya kusini-mashariki. Meli za kuwarudisha zilikuwa chache. Vyumba vilivyoundwa vilaze wanafunzi 275 vikawalaza askari waliokonda kwa njaa na malaria, na Kashima ikaenda na kurudi hadi Novemba 1946. Mzee Yakumo, aliyeundwa Ujerumani na kukamilika 1900, alifanya kazi hiyo hiyo na kuwarudisha watu wapatao 9,000. Meli zote mbili zilipomaliza zilivunjwa, Kashima huko Nagasaki, na kufikia katikati ya 1947 hapakuwa na chochote kilichosalia.

Majina hayakuachwa. Mwaka 1969 jeshi la majini la kujilinda la Japani lilipata meli ya mafunzo mpya likaiita Katori, na mwaka 1995 ikafuata Kashima. Kashima hii ndiyo imekuwa ikiwapeleka ng'ambo maofisa wapya wanaotoka Etajima, mwaka baada ya mwaka, na kwa idadi ya safari za mafunzo imezipita mbali zile tatu za vita zikijumlishwa pamoja.